Singkil: Bandari Ndogo Iliyomtoa Kadhi Mkubwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu Msomaji, kila aliyewahi kushiriki katika kuosha maiti anaijua kafuri, ile ambayo wengi wetu tunaiita karafuu maiti. Sunna yake imethibiti katika Hadithi ya Ummu Atiyya (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, pale Mtume (s.a.w.) alipowaagiza wanawake waliokuwa wakimwosha binti yake watie kafuri katika josho la mwisho. Na katika Suratul-Insan, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba waja wema watanyweshwa kinywaji kilichochanganywa na kafuri. Lakini ni wachache waliojiuliza: kitu hiki tunachokisoma katika Kitabu na kukitumia katika Sunna, kilikuwa kikitoka wapi?

Wafanyabiashara wa Kiarabu wa zamani waliisifu sana kafuri iliyoitwa Fansuri. Jina hilo ni nasaba ya Fansur, bandari iliyo pwani ya magharibi ya kisiwa cha Sumatra, ambayo leo inaitwa Barus. Ukiifuata pwani hiyohiyo kuelekea kaskazini utafika kwenye mji mdogo wa bandari uitwao Singkil, katika jimbo la Aceh, Indonesia. Nao pia ulikuwa ukipakia kafuri, ubani na pilipili manga kutoka misitu na mashamba ya bara yake. Makala yetu ya leo inauhusu mji huo. Hatutazungumzia kafuri yake, bali mtu mmoja aliyetoka hapo, akaenda kutafuta elimu, kisha akarudi. Maana bidhaa huisha sokoni, ama elimu hubaki.

Mji na visiwa vyake

Singkil umekaa mahali ambapo mto mkubwa unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Nyuma yake ni mabwawa na misitu ya maji, na mbele yake ni visiwa. Visiwa vilivyo karibu zaidi vinaitwa Pulau Banyak, na maana ya jina hilo kwa Kimalayu ni "visiwa vingi". Miongoni mwake ni Balai, ambako ndiko kwenye makazi makubwa, Tuangku, na Bangkaru ambako kasa hupanda kutaga mayai. Mvuvi au mwalimu wa visiwani akitaka kwenda bara hupitia Singkil, na mgeni anayetaka kwenda visiwani huteremka Singkil akangoja boti au pantoni. Kutoka hapo pia vivuko huenda Nias na Simeulue, visiwa vikubwa zaidi vilivyo mbali kidogo baharini. Tangu 1999 sehemu hiyo imekuwa wilaya inayojitegemea, iitwayo Aceh Singkil, baada ya kutengwa na Aceh ya Kusini.

Kwa hiyo kazi ya mji huu tangu zamani ni kuwa mlango. Na mlango haupimwi kwa ukubwa wake, bali kwa vile vinavyopita ndani yake. Tushike fikra hiyo, kwani ndiyo itakayotuongoza katika habari za mwanachuoni tunayemkusudia.

Miaka 19 ya kutafuta elimu

Jina lake ni Sheikh Abdul-Rauf bin Ali al-Jawi al-Fansuri al-Sinkili. Al-Jawi ni nasaba waliyopewa na Waarabu watu wote wa visiwa vile, al-Fansuri ni nasaba ya pwani yake, na al-Sinkili ni nasaba ya Singkil. Wanahistoria wanakadiria kuwa alizaliwa karibu na mwaka 1615. Mnamo mwaka 1642 (1052 Hijria) aliondoka kwao kwenda Arabuni, na hakurudi mpaka ilipotimia takriban miaka 19.

Safari yake hiyo ameieleza mwenyewe mwishoni mwa kitabu chake Umdatul-Muhtajin. Humo amewataja walimu 19 aliosoma kwao, na wanazuoni wengine 27 aliokutana nao na kuhusiana nao. Alianzia Doha, katika pwani ya Ghuba. Akaenda Yemen, akasoma Baitul-Faqih na Zabid kwa wanazuoni wa ukoo wa Ja'man, ambao walikuwa mabingwa wa Hadithi na fiqhi. Akapita Jidda, akaingia Makka, ambako miongoni mwa walimu wake alikuwa Ali bin Abdul-Qadir al-Tabari. Mwisho akakaa Madina kwa Sheikh Ahmad al-Qushashi, na baada yake kwa Sheikh Ibrahim al-Kurani. Al-Qushashi alipofariki mwaka 1071 Hijria (1661), al-Sinkili alipewa ijaza na al-Kurani, kisha akafunga safari ya kurudi kwao.

Ndugu Msomaji, tafakari kidogo. Mtu huyu alitoka ujana akaingia utu uzima akiwa ugenini. Alikuwa na walimu wanaojulikana, alikuwa amekaa mji wa Mtume (s.a.w.), na angeweza kubaki huko akafundisha kama walivyobaki wengi. Lakini katika Suratut-Tawba, aya ya 122, Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba katika kila kundi watoke baadhi wajifunze dini, na kwamba lengo la kujifunza kwao ni kuwaonya watu wao watakaporejea kwao. Basi kurudi ni sehemu ya fardhi yenyewe, wala si jambo la hiari baada yake. Al-Sinkili aliifahamu aya hii kwa miguu yake kabla ya kuifahamu kwa kalamu yake.

Kitabu kwa lugha ya watu

Aceh wakati huo ilikuwa dola yenye nguvu, na aliyekuwa akitawala alikuwa malkia, Sultana Safiyyatuddin Tajul-Alam (1641–1675), wa kwanza katika malkia wanne waliofuatana mpaka mwaka 1699. Al-Sinkili aliporudi, ofisa wa kasri alitumwa kwake kumtazama na kumwuliza juu ya elimu yake. Baada ya hapo alipewa cheo cha juu kabisa cha sheria katika dola, kilichojulikana kwa jina la Kadhi Malikul-Adil.

Ndipo Sultana alipomwomba aandike kitabu cha fiqhi kwa Kimalayu. Haja ilikuwa wazi. Kabla yake, Sheikh Nuruddin al-Raniri alikwisha kuandika kitabu mashuhuri kwa Kimalayu, al-Sirat al-Mustaqim, lakini kitabu hicho kilihusu ibada: tohara, Sala, Zaka, Saumu na Hija. Ama biashara, madeni, ndoa, mashtaka na adhabu, havikuwa na kitabu kilichokamilika kwa lugha ile. Na nchi ya bandari haiendi bila ya muamalat. Mwenye jahazi anataka kujua hukumu ya mzigo ulioharibika njiani, mwenye kukopesha anataka kujua hukumu ya rehani, na mjane wa baharia aliyepotea anataka kujua hukumu ya eda yake. Hawa wote hawasomi Kiarabu.

Kisa chake hapa kina adabu kubwa kwetu sisi tuliosoma Kiarabu. Al-Sinkili alisita. Sababu aliyoitoa ni kwamba amekaa mno Arabuni hata ulimi wake wa Kimalayu umekuwa mzito. Hakuona haya kulisema hilo, wala hakusema kuwa lugha ya watu wake ndiyo isiyobeba elimu. Alijiona yeye ndiye mwenye upungufu, akawatafuta wenzake wawili wa kumsaidia lugha, kisha akaandika. Ni wangapi miongoni mwetu wanaorudi kutoka vyuoni wakachanganya Kiarabu katika kila sentensi ya darsa, na msikilizaji asipoelewa wakamwona yeye ndiye mjinga?

Kitabu alichokiandika kilikamilika mwaka 1074 Hijria (1663), nacho ni Mir'atut-Tullab, yaani Kioo cha Wanafunzi. Tegemeo lake kubwa ni Fat-hul-Wahhab cha Sheikhul-Islam Zakariyya al-Ansari, pamoja na Tuhfa ya Ibnu Hajar al-Haytami na Nihaya ya al-Ramli. Msomaji aliyekaa katika darsa za pwani yetu atatabasamu hapa, kwani vitabu hivi ndivyo hivihivi ambavyo masheikh wetu wa madhehebu ya Imamu Shafii wamevitegemea katika kutoa hukumu. Kadhi wa Aceh na kadhi wa Lamu hawakuonana, lakini walikuwa wakifungua ukurasa mmoja.

Kitabu hicho kilisafiri kuliko mwandishi wake. Katika karne ya 19 Waislamu wa Maguindanao, katika kisiwa cha Mindanao ambacho leo ni sehemu ya Ufilipino, walikitumia kama rejeo katika Luwaran, mkusanyiko wa sheria zao.

Baada ya fiqhi, al-Sinkili akatia mkono katika tafsiri ya Qur'ani. Kitabu chake Tarjumanul-Mustafid ndicho tafsiri ya kwanza ya Qur'ani nzima kwa Kimalayu tunayoijua. Baadhi ya watafiti wa Kizungu walidhani kuwa ni tarjuma ya Baydawi tu, lakini uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kuwa msingi wake ni Jalalayn, pamoja na nyongeza kutoka kwa Baydawi na al-Khazin na maelezo ya tofauti za visomo. Mwanafunzi wake, Baba Dawud al-Jawi, naye alikuwa na mchango ndani yake. Kitabu kilichapishwa Istanbul mwaka 1884, na baadaye katika miji mingine, na kikasomwa kwa vizazi vingi. Sisi Waswahili, pamoja na ukongwe wa Uislamu wetu, tulingoja mpaka mwaka 1969 ndipo Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipotukamilishia Qurani Takatifu kwa Kiswahili. Kabla yake walitangulia wasiokuwa katika njia yetu, akiwemo mmisionari aliyechapisha tarjuma yake mwaka 1923. Kulichelewesha jambo hili kulikuwa na gharama, kwani mlango usiofunguliwa na wenyewe hufunguliwa na wengine.

Neno ambalo halikufasiriwa

Haifai kumsifu mtu kwa kuficha yaliyo magumu katika habari zake. Wataalamu waliokichunguza Mir'atut-Tullab wameona jambo moja katika mlango wa ukadhi. Katika kutaja masharti ya kadhi, neno la Kiarabu lenye maana ya "mwanamume" halikupewa tafsiri yake ya Kimalayu. Wengine wakasema kuwa alifanya hivyo kwa makusudi, ili asimkabili malkia aliyemwamuru kuandika.

Tuipambanue mas'ala hii. Jumhuri ya wanazuoni, wakiwemo Mashafii, wameshurutisha kadhi awe mwanamume. Imamu Abu Hanifa amejuzisha ukadhi wa mwanamke katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa, na Ibnu Jarir al-Tabari amenukuliwa kuwa amejuzisha bila ya mpaka huo. Ama utawala mkuu wa dola, huo ni mlango mwingine, na hukumu yake kwa jumhuri ni nzito zaidi. Kwa hiyo lililotokea Aceh lilikuwa gumu kwa mwanachuoni wa Kishafii kwa upande wa utawala kabla ya kuwa gumu kwa upande wa ukadhi.

Rai yetu ni hii: mfasiri ana amana, na ilivyo salama zaidi ni kulitaja sharti kama lilivyo katika madhehebu, kisha atakayetaka kueleza udhuru wa hali ya nchi aueleze. Kama al-Sinkili aliliacha kwa makusudi, basi hilo ni katika upungufu wa kibinadamu. Lakini hatuna haki ya kulikata kuwa ni la makusudi, kwani nia ni ya moyoni, na nakala za mkono zina historia zake. Pia tuangalie upande wa pili. Alikuta dola imesimama, watu wana amani, Sala zinasimamishwa, na malkia anamwomba awaandikie watu wake hukumu za Mwenyezi Mungu. Je, angekataa kwa sababu ya mwombaji, wale wajane na wakopeshaji wangepata nini? Alitumikia chini ya malkia wote wanne, akafariki mwaka 1693 (1105 Hijria). Malkia wa mwisho aliondolewa mwaka 1699, na inasimuliwa kuwa barua kutoka Makka ilikuwa miongoni mwa sababu.

Ulimi uliozuiwa na takfiri

Tumefika katika jambo ambalo kwa hakika ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Kabla al-Sinkili hajaondoka kwenda Arabuni, Aceh ilikuwa imewaka moto wa fitna. Wanazuoni wawili, Hamzah Fansuri na Shamsuddin al-Sumatrani, walikuwa wameacha maandiko ya tasawwuf yaliyozungumzia wujudi kwa lugha ya ishara na mafumbo. Al-Raniri, aliyetoka Rander, Gujarat, akafika Aceh mwaka 1637 akapata nguvu kwa Sultani Iskandar Thani. Akayasoma maandiko hayo, akahukumu kuwa ni ukafiri, akatoa fatwa. Vitabu vikachomwa mbele ya Msikiti wa Baiturrahman, na wafuasi waliokataa kutubu wakauawa. Mwaka 1644 al-Raniri mwenyewe alilazimika kuondoka Aceh baada ya upande wa pili kupata nguvu. Hivyo ndivyo ilivyo: upanga wa takfiri haukai katika mkono mmoja.

Al-Sinkili aliondoka mwaka 1642, katikati ya mambo hayo. Alikwenda nayo moyoni mpaka Madina. Al-Kurani aliandika kitabu kizima, Ithaful-Dhaki, kwa maombi ya wanafunzi wa Kijawi waliotaka kuongozwa katika mambo haya. Kadhalika ilimfikia istifta kutoka nchi za Jawi juu ya mtu aliyeuawa kwa maneno yake, naye akataka ieleweke kuwa maneno yenye kubeba taawili hayatoshi kumwaga damu ya Muislamu. Watafiti wengi wanaona kuwa nyuma ya swali hilo alikuwapo al-Sinkili.

Aliporudi na kushika ukadhi, alikuwa na uwezo wa kuwasha moto upya kwa upande wowote autakao. Hakufanya hivyo. Itikadi yake aliibainisha: Mwenyezi Mungu si viumbe vyake, na viumbe si Yeye. Kwa hiyo hakukubaliana na waliovuka mpaka katika wujudi. Lakini pia hakuwakufurisha. Katika Daqa'iqul-Huruf ameikumbusha Hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba mwenye kumtuhumu nduguye kwa ukafiri, tuhuma hiyo humrudia mwenyewe ikiwa mwenziwe hayuko hivyo. Na jina la al-Raniri hakuliburuta kwa matusi. Alisahihisha kosa, akawaacha watu na Mola wao.

Hii ndiyo fiqhi ya kadhi. Mufti anaweza kuandika jibu akalala. Ama kadhi, neno lake huvunja nyumba, huhamisha mali, na huondoa roho. Ndiyo maana maulamaa wetu wamekaza kwamba mpaka uliofungwa kwa yakini haufunguliwi kwa shaka, na aliyethibiti Uislamu wake kwa yakini hatolewi ila kwa yakini mfano wake. Leo utamsikia kijana aliyesoma vitabu viwili akiwatoa katika dini watu wa msikiti mzima kwa sababu ya maulidi, au kwa sababu ya kuyakataa maulidi. Huyu angekaa miaka 19 kwa walimu 19, pengine angeliona neno hilo kuwa zito mdomoni.

Ardhi ikizama

Al-Sinkili amezikwa kwenye mdomo wa mto wa Aceh, karibu na Banda Aceh. Mdomo wa mto kwa Kimalayu ni kuala, na kwa hivyo watu humwita Teungku Syiah Kuala, yaani Bwana Sheikh wa Kuala. Chuo kikuu kilichoanzishwa mjini hapo mwaka 1961 kimepewa jina hilo. Nao watu wa Singkil wanasema kaburi lake liko kwao, Kilangan, na wanalizuru. Hatuna haja ya kuwaamulia. Kila mji unataka kuwa ndio wenye mtu huyu, na kugombewa huko kwenyewe ni ushahidi. Waaceh wana msemo wao wa zamani, maana yake ni kwamba mila hurejeshwa kwa Sultani marehemu, na sheria hurejeshwa kwa Syiah Kuala.

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko na tsunami viliipiga Aceh, na mawimbi yakafagia vijiji vya mdomo ule wa mto. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Machi 2005, tetemeko la pili lenye kipimo cha 8.6 lilitokea karibu na Nias na Simeulue. Ardhi ya Singkil ikadidimia, bahari ikaingia mitaani, na watu wakalazimika kuhamisha makazi na kujenga upya. Kisiwani Balai pia ardhi ilishuka, maji yakawa yanaingia majumbani wakati wa bamvua. Na hii haikuwa mara ya kwanza, kwani pwani hiyo ilipata tetemeko kubwa pia mwaka 1861.

Hapa ndipo penye mazingatio. Gati ya Singkil ya zamani imezama, na kafuri yake haitafutwi tena kama zamani. Lakini kitabu kilichoandikwa na mtoto wa mji huo, kwa lugha ambayo aliogopa kuwa ameisahau, bado kinasomwa na kuchunguzwa. Mji ulikuwa mlango wa visiwa, na mtu wake akajifanya mlango wa elimu: upande mmoja Zabid na Madina, na upande wa pili mvuvi asiyejua Kiarabu. Aliyefungua mlango huo hakusimama kizingitini kuwafukuza waja wa Mwenyezi Mungu wasiingie.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdul-Rauf, awarehemu waliofariki katika maafa yale, na atujaalie elimu yenye manufaa na ulimi wenye hadhari.

Wallahu aalam.